Mashindano ya Redio Wakati wa Anga Dhaifu: Somo la Kilwa Kisiwani

Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2024 mwambao wa kusini mwa Tanzania ulipatwa na mambo matatu katika muda usiozidi siku kumi. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na mvua kubwa za siku hizo zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa, upande wa Somanga. Tarehe 10 na 11 dunia nzima ikapigwa na dhoruba ya sumaku iliyotoka katika jua, kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Tarehe 12 kebo mbili zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi za jirani.

Mambo hayo matatu hayakusababishana, yalikutana tu. Lakini yanatuletea swali ambalo mwalimu wa fizikia aweza kulipeleka darasani. Ikiwa barabara imekatika, kebo imekatika, na anga lenyewe limevurugika, je, mtu mmoja mwenye mtambo mdogo wa redio, betri na waya anaweza bado kufikisha ujumbe kutoka Kilwa hadi Nairobi, Muscat au London?

Jibu ni kwamba aghalabu anaweza, lakini kwa sharti moja: awe anajua ni masafa gani anga litayarudisha ardhini, na kwa saa ipi. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma tu. Wanaredio wa ridhaa huupata kwa mazoezi, na zoezi lao gumu kuliko yote ni kushiriki peke yao katika mashindano ya saa 48 wakati hali ya anga ni mbaya. Katika makala hii tutamweka mshindani wa kufikirika katika Kilwa Kisiwani, kisha tutazame fizikia inayomsaidia na ile inayompinga.

Redio ya ridhaa na mashindano yake

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na sheria za kimataifa. Mtu hupewa leseni, hupewa alama ya wito, na huruhusiwa kuwasiliana na wenzake kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila malipo. Katika Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Alama za wito za Tanzania huanza kwa 5H au 5I. Za Kenya kwa 5Y au 5Z. Za Uganda kwa 5X.

Wanaredio hao wana deni lao katika historia ya sayansi. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma kwenye mawimbi ya meta 200 kushuka chini, ambayo wakati huo yalidhaniwa hayafai kwa safari ndefu. Mwezi Novemba mwaka 1923 walizungumza kutoka Marekani hadi Ufaransa kwa mawimbi ya karibu meta 100. Hivyo waliodhaniwa kuwa wametupwa jalalani ndio walioonyesha thamani ya mawimbi mafupi.

Miongoni mwa mashindano makubwa ya leo ni yale yaitwayo CQ World Wide, yaliyoanza mwaka 1948. Hufanyika mara mbili kwa mwaka: kwa sauti mwishoni mwa Oktoba, na kwa msimbo wa Morse mwishoni mwa Novemba. Kwa saa za Afrika Mashariki huanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi na kumalizika saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu. Bendi zinazotumika ni sita: 1.8, 3.5, 7, 14, 21 na 28 MHz. Dunia imegawanywa katika kanda 40, na Tanzania imo katika kanda ya 37. Kila mawasiliano ni mafupi: mshindani hutaja wito wake, hutoa ripoti ya usikivu, kisha namba ya kanda yake. Pande zote mbili lazima ziandike sawasawa. Kosa likigunduliwa katika ukaguzi, mawasiliano hayo hufutwa na adhabu hutolewa.

Wapo wanaoshindana kwa vikundi, wakipokezana usingizi. Mshindani wa peke yake hana wa kumpokea. Yeye ndiye sikio, mkono, mwandishi, fundi na mpishi. Kwa hiyo mali yake adimu kuliko zote si umeme bali ni muda.

Dari linalorudisha mawimbi

Mawimbi ya redio husafiri kwa mstari ulionyooka, ilhali dunia ni mviringo. Marconi alipopokea ishara kuvuka Bahari ya Atlantiki mwezi Desemba mwaka 1901, wataalamu walijiuliza imewezekanaje. Mwaka uliofuata Kennelly na Heaviside, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba juu angani kuna tabaka lenye umeme linaloyarudisha mawimbi ardhini. Mwaka 1924 Appleton alilithibitisha kwa majaribio, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel.

Tabaka hilo tunaliita ayonosfia. Mionzi ya urujuanimno na eksirei za jua hung'oa elektroni katika atomi na molekuli za hewa nyembamba ya juu. Elektroni huru hizo ndizo zinazopinda njia ya wimbi. Kwa kawaida ayonosfia hugawanywa katika matabaka yafuatayo:

Tabaka D, kiasi cha kilometa 60 hadi 90. Hili halirudishi mawimbi mafupi, bali huyanyonya. Huwapo mchana, na hutoweka haraka jua likitua.

Tabaka E, kiasi cha kilometa 90 hadi 150. Huweza kurudisha baadhi ya mawimbi, hasa mchana.

Tabaka F, juu ya kilometa 150. Hili ndilo dari kuu la mawasiliano ya mbali, nalo hubaki hata usiku, ingawa hupungua nguvu. Mruko mmoja kutoka ardhini hadi tabaka F na kurudi waweza kufika kilometa 4,000 hivi.

Ikiwa katika kila meta ya ujazo mna elektroni N, basi masafa ya juu kabisa yatakayorudi yakirushwa wima ni takriban 9√N, kwa hezi. Tuchukue N = 10¹². Kipeo chake cha pili ni 10⁶, kwa hiyo masafa hayo ni 9 MHz. Lakini wimbi likirushwa kwa mlalo, karibu sambamba na uso wa bahari, hulikuta tabaka kwa mshazari, na dari lile lile huweza kurudisha masafa makubwa zaidi, kiasi cha mara tatu na theluthi. Tara hiyo ya 9 MHz sasa inakuwa 30 MHz, na bendi ya 28 MHz iko wazi.

Sasa tupunguze elektroni hadi 4×10¹¹. Hesabu inatoa 5.7 MHz kwa wima, na karibu 19 MHz kwa mlalo. Bendi za 28 na 21 MHz zimefungwa. 14 MHz bado iko wazi. Mwanafunzi aone kwamba anga halikufa. Dari limeshuka tu, na mwanaredio anapaswa kushuka nalo.

Je, kwa nini asishuke mara moja hadi 3.5 MHz na kukaa huko kwa usalama? Ni kwa sababu ya tabaka D. Unyonyaji wake hupungua masafa yanapoongezeka, takriban kwa kadiri ya mraba wa masafa. Hasara katika desibeli kwenye 7 MHz ni kiasi cha mara nne ya ile ya 14 MHz, na kiasi cha mara tisa ya ile ya 21 MHz. Mchana, basi, mshindani amebanwa kati ya dari na sakafu: akipanda sana wimbi hutoboa na kwenda zake angani, akishuka sana wimbi humezwa. Njia iliyo bora ni kukaa chini kidogo tu ya dari.

Magonjwa matatu ya anga

Watu husema "hali ni mbaya" kana kwamba ubaya ni wa namna moja. Kwa kweli tunapaswa kutofautisha magonjwa matatu, kwa sababu dawa zake hazifanani.

Ugonjwa wa kwanza ni unyonge wa jua. Idadi ya madoa ya jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mzunguko wa sasa, ambao ni wa 25 tangu hesabu ilipoanza kuwekwa, ulianza Desemba 2019, wakati madoa yalipokuwa machache kabisa, na wastani wake laini ukafikia kilele Oktoba 2024. Miaka ya madoa machache elektroni hupungua, dari hushuka, na bendi za juu hulala. Ugonjwa huu hudumu kwa miaka. Dawa yake ni kutumia bendi za kati na za chini.

Ugonjwa wa pili ni mlipuko wa jua. Eksirei zake hutufikia kwa dakika nane tu, na kulitia tabaka D nguvu ya ghafula. Upande wa dunia ulio mchana mawimbi mafupi hunyonywa, kuanzia yale ya chini. Hudumu kwa dakika kadhaa au saa chache. Dawa yake ni kupanda bendi za juu ikiwa dari linaruhusu, au kungoja. Mshindani asiyelijua jambo hili huanza kufungua mtambo akidhani umeharibika.

Ugonjwa wa tatu ni dhoruba ya sumaku. Wingu la gesi yenye chaji hutoka katika jua, husafiri kwa siku moja hadi tatu, kisha huipiga sumaku ya dunia. Ukali wake hupimwa kwa kipimo kiitwacho Kp, kuanzia 0 hadi 9. Dhoruba ya Mei 2024 ilifika 9. Katika latitudo za kati na za juu elektroni za tabaka F huweza kupungua sana, na njia zinazopita karibu na ncha za dunia hufungwa. Hudumu kwa saa nyingi au siku kadhaa. Dawa yake ni kuchagua njia zinazokwepa ncha.

Hapo jiografia inaingia. Njia fupi kutoka Kilwa hadi London, kiasi cha kilometa 7,700, huvuka Afrika na Bahari ya Mediterania bila kufika latitudo za juu sana. Njia ya Muscat, kilometa 4,200 hivi, ni ya tropiki karibu yote. Lakini njia fupi ya kwenda California hupanda hadi karibu na nyuzi 64 za kaskazini, katika ukanda wa mianga ya ncha. Siku ya dhoruba mshindani wetu hana budi kuisahau California bila manung'uniko.

Kilwa na ikweta ya sumaku

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa latitudo za kaskazini. Vinatufaa sana, lakini anga vinaloeleza silo hasa lililo juu ya vichwa vyetu. Mwandishi wa makala hii alilijua hilo kwa gharama. Alipokuwa ng'ambo kwa masomo ya udaktari wa falsafa alijifunza kwamba jua likitua bendi za juu hufungwa. Aliporudi nyumbani alikuwa akizima mtambo wake jioni katika saa zile zile ambazo anga la kwetu hufanya kazi yake nzuri kabisa.

Sababu ni hii. Dunia ina ikweta mbili: ile ya jiografia, na ile ya sumaku, ambayo ni mstari unaopita mahali ambapo sindano ya sumaku iliyoning'inizwa hulala mlalo kabisa. Katika Afrika Mashariki ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Mchana uga wa umeme huinua elektroni juu ya mstari huo. Kisha elektroni hizo huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, mfano wa maji ya chemchemi yanayoruka juu na kumwagika pande mbili. Matokeo yake ni kwamba elektroni nyingi zaidi hazipo juu ya ikweta ya sumaku yenyewe, bali katika vilele viwili, kiasi cha nyuzi 15 hadi 20 kila upande.

Kilwa Kisiwani iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta ya jiografia, yaani kiasi cha nyuzi 18 kutoka ikweta ya sumaku. Kwa maneno mengine, kisiwa hiki kiko karibu na kilele cha kusini. Miaka ya jua lenye nguvu kilele hicho hushiba elektroni. Miaka ya jua nyonge hupungua na kusogea kuelekea ikweta. Hata hivyo, alasiri na jioni, mawimbi ya 21 na mara nyingine 28 MHz huweza kuruka kutoka kilele cha kusini hadi cha kaskazini na kushuka Mediterania, ilhali mwenzetu aliye mbali na tropiki anaona bendi hizo tupu.

Zawadi hiyo ina kasoro yake. Baada ya jua kutua, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, mapovu ya elektroni chache hupanda katika tabaka F. Wimbi linalopita humo hutawanyika, na sauti husikika ikitetemeka kama ya mtu anayesema mbele ya feni. Anayejua jambo hili hupunguza mwendo wa kusema na hurudia wito wake kwa utulivu. Asiyelijua hulaumu kipokezi.

Bendi iliyo kimya si lazima iwe imefungwa

Kosa kubwa la washindani katika hali mbaya ni la kibinadamu. Kila mtu anasikiliza, hasikii, anahama. Wote wakihama, bendi inakuwa kimya hata kama dari lingeweza kurudisha mawimbi. Kimya, basi, kina maana mbili: hakuna njia, au hakuna msemaji. Mwanasayansi hatakubali kuchanganya maana hizo.

Kipimo kipo. Mtandao wa kimataifa wa vinara vya redio una vituo 18 vilivyopangiwa kurusha kwa zamu katika 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Kila kituo hupewa sekunde kumi, na mzunguko mzima huchukua dakika tatu. Kenya imepangiwa nafasi yenye wito 5Z4B, Afrika Kusini ZS6DN, Finland OH2B, Japan JA2IGY. Baada ya wito, kila kinara hutoa mlio mrefu kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha 0.1. Baadhi ya vinara hunyamaza kwa muda kwa sababu ya matengenezo, lakini vilivyobaki vinatosha kutoa picha. Mshindani akimsikia OH2B hadi ule mlio wa wati moja, ana uhakika kwamba njia ya kaskazini iko wazi hata kama hakuna mtu anayeita. Hapo na aanze kuita yeye, asubiri, aite tena.

Saa 48 za mtu mmoja

Wakati wa mwisho wa Oktoba jua huchomoza Kilwa karibu na saa 12 asubuhi na kutua baada kidogo ya saa 12 jioni. Tuseme kwamba madoa ya jua ni machache. Ratiba yenye busara yaweza kuwa hivi:

Saa 9 usiku hadi alfajiri: 7 MHz, na majaribio kwenye 3.5 MHz. Ulaya na mashariki ya Amerika bado ni usiku, na tabaka D halipo. Adui ni mlio wa radi za tropiki, hasa zile za bonde la Kongo, ambao hufika kwa njia ile ile ya ayonosfia.

Mapambazuko: dakika chache za thamani. Jua huanza kuimarisha tabaka F lililo juu kabla tabaka D halijakomaa chini. Ishara za mbali hupanda ghafula, kisha hutoweka.

Saa 1 hadi 4 asubuhi: 14 MHz, kisha 21 MHz, kuelekea Asia. Japan ni alasiri wakati huo.

Saa 4 asubuhi hadi 10 jioni: 21 MHz kuelekea Ulaya, na kuchungulia 28 MHz kila nusu saa.

Saa 10 jioni hadi saa 2 usiku: wakati mkuu wa Kilwa. Kilele cha kusini kimeshiba, Ulaya ni alasiri, mashariki ya Amerika ni asubuhi. Mshindani asile wala asilale katika saa hizi.

Saa 2 hadi 6 usiku: 14 MHz ikiwa bado ina uhai, kisha 7 MHz.

Baada ya saa 6 usiku: kulala. Usingizi nao hupangwa kabla, kama ratiba ya bendi. Anayesubiri hadi uchovu umwangushe hulala saa asizozichagua, na kabla ya kulala huwa amekwisha kuandika wito wa watu kwa makosa.

Ratiba hii si sheria. Ni dhana ya kuanzia, nayo hurekebishwa kwa kile kinachosikika. Manahodha walioleta majahazi Kilwa walijua kwamba kaskazi huwaleta na kusi huwarudisha, lakini hakuna aliyetweka tanga kabla ya kuutazama upepo wa siku ile.

Hesabu ya pointi

Katika mashindano haya mawasiliano na bara jingine yana pointi 3. Na nchi nyingine ya bara lile lile, katika Afrika, pointi 1. Jumla ya pointi huzidishwa kwa jumla ya nchi na kanda zilizopatikana katika kila bendi. Kuzidisha huko ndiko kunakobadili mkakati.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mshindani amepata mawasiliano 100 na Ulaya kwenye 21 MHz: pointi 300. Nchi na kanda kwa pamoja ni 25. Ana 300 × 25 = 7,500. Sasa ana saa moja. Akibaki hapo hapo apate mawasiliano 60 zaidi bila nchi mpya, atakuwa na 480 × 25 = 12,000. Lakini akishuka 7 MHz, katika kelele za radi, akapata vituo 10 tu vya Afrika katika nchi 10 na kanda 5, atakuwa na pointi 310 na vizidisho 40, yaani 12,400.

Mawasiliano kumi ya taabu yameshinda sitini ya raha. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kila haba huongeza thamani ya kibaba kizima. Ndiyo sababu hali mbaya haimwondoi mtu wa peke yake: inapunguza wingi wa mawasiliano kwa wote, na kumwachia thamani yule anayejua kutafuta.

Waya, bahari na betri

Kilwa Kisiwani humpa mshindani kitu ambacho fedha hainunui, nacho ni maji ya chumvi pande zote. Maji ya bahari hupitisha umeme kiasi cha mara elfu kuliko udongo wa kawaida. Antena ya wima iliyosimamishwa ukingoni mwa maji hurusha nguvu yake chini, karibu na upeo wa macho, ambako ndiko inakohitajika kwa safari ndefu. Urefu wa antena ya robo ya wimbi, kwa meta, ni takriban 71 ikigawanywa kwa masafa katika MHz. Kwa 14.1 MHz ni meta 5, ambazo mlingoti mwembamba wa mianzi waweza kuzibeba.

Onyo moja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Kuta za Husuni Kubwa si nguzo za kufungia waya, na hakuna mtambo unaosimikwa karibu nazo bila kibali cha wahusika.

Kuhusu umeme, tuseme mtambo wa wati 100 huvuta wastani wa ampea 12 unaporusha na 1.2 unapopokea, na kwamba robo ya muda ni kurusha. Wastani ni 3 + 0.9 = ampea 3.9. Kwa saa 40 za kazi ni ampea-saa 156. Betri mbili za risasi za ampea-saa 100 kila moja, zisizotakiwa kushushwa chini ya nusu, zinatoa 100. Zinazobaki zitoke kwa jua: jua lile lile linalojenga dari la mawimbi.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Paneli ya jua hutoa ampea 5 kwa saa 5 kila siku, kwa siku mbili. Je, inatosha kujaza upungufu wa betri zilizotajwa? Ikiwa haitoshi, mshindani apunguze nini, na aathirike namna gani?

2. Tafuta masafa ya juu ya wima na ya mlalo ikiwa N = 2.5×10¹¹. Ni bendi ipi ya mashindano iliyo karibu kabisa chini ya dari?

3. Kwa redio ya kawaida yenye mawimbi mafupi, chagueni kituo kimoja cha mbali kinachorusha saa zote au saa nyingi. Andikeni usikivu wake, kutoka 0 hadi 5, kila saa kwa siku saba. Choreni mchoro wa usikivu dhidi ya saa, kisha elezeni kupanda na kushuka kwake kwa kutumia tabaka D na tabaka F.

4. Jadilini: kwa nini kimya cha kipokezi peke yake si ushahidi kwamba njia imefungwa? Tajeni mfano mwingine wa kosa hilo katika sayansi.

Hitimisho

Mwezi Agosti mwaka 2017, jua lilipopatwa juu ya Marekani, wanaredio wa ridhaa waliandaliwa na wanasayansi wa kikundi cha HamSCI kufanya mawasiliano kwa mtindo wa mashindano. Madaftari yao yalionyesha namna ayonosfia ilivyobadilika kivuli kilipopita. Daftari la mshindani, basi, ni zaidi ya orodha ya pointi: ni kumbukumbu ya anga, saa kwa saa, bendi kwa bendi. Daftari lililojazwa kwa uaminifu kutoka Kilwa Kisiwani, likiandika saa za kimya pamoja na saa za neema, lina thamani ya kipekee, kwa kuwa vituo vya upimaji karibu na kilele cha kusini katika Afrika Mashariki ni vichache.

Tukirudi kwenye swali la Mei 2024, mwanafunzi sasa aweza kujibu mwenyewe. Mtu aliyezoea kushindana nyakati za anga zuri tu angefungua mtambo wake siku ile, asikie kimya, aufunge. Yule aliyewahi kukesha saa 48 katika hali mbaya angejua kutofautisha ugonjwa, kukwepa njia za ncha, kungoja mapambazuko, kushuka bendi moja, na kuita tena. Shule yenye redio ndogo, daftari na wanafunzi wawili wenye subira yaweza kuanza kujifunza hayo juma hili.